Asiambiwe Peke Yake

Watu wa Butembo, mashariki mwa Kongo, wanapenda kusema kwamba wamejijengea kila kitu wenyewe. Barabara wanachonga wenyewe, umeme wanavuta wenyewe, vyuo wanafungua wenyewe, na serikali ikifika inakuta kazi imekwisha, inabaki kukata utepe. Mimi ni mtu wa Kasai, naitwa Mélanie Kapinga. Ni serikali hiyo hiyo iliyonileta hapa kufundisha kemia ya mwili, na kwa miaka niliyokaa nimeusikia wimbo huo mpaka umenichosha. Sikatai kwamba ni kweli. Ila kuna kitu kimoja nilichowaona wakikijenga, kisha nikawaona wakikigeuza. Aliyekianzisha ni mwenzangu wa ofisi moja, na hasira niliyo nayo naiandika hapa kwa sababu sina pengine pa kuipeleka.

Anaitwa Berthe Kahongya. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, asiyejua kutembea polepole hata kwenye matope ya mtaa wa Kimemi alikozaliwa. Baba yake aliuza saruji. Alimsomesha udaktari Kinshasa, halafu Berthe akapata nafasi ya kwenda Ulaya, akarudi na kazi ambayo hapa kwetu hakuna aliyeijua. Kazi yenyewe ni kukaa na mtu, au na familia nzima, na kuwaeleza ugonjwa unaotembea ndani ya ukoo: umetoka wapi, unaweza kumpata nani, na kumkosa nani. Kisha unawaacha waamue wenyewe. Mzee alipoulizwa dukani binti yake amesomea nini huko kwa wazungu, alijibu, “Alisomea kusemezana na batu.” Kusema na watu! Wateja walicheka sana, na yeye akacheka nao.

Hapa kwetu ugonjwa wenyewe ni selimundu kuliko mengine yote. Watu wanaiita SS tu. Nieleze mara moja, maana bila hili hakuna litakaloeleweka. Mtoto anakuwa SS akipokea urithi mbaya kwa baba na kwa mama, pande zote mbili. Aliyepokea upande mmoja tu anaitwa AS. Huyo haumwi kitu. Analima, anazaa, anazeeka na kusumbua wakwe zake kama watu wengine. Asiyepokea popote ni AA. AS akioana na AA, hakuna mtoto wao atakayekuwa SS. Hatari inakuja pale tu AS anapokutana na AS mwenzake. Huu ndio ujuzi wote, mtoto wa shule ya msingi anaweza kuushika, na bado umevunja watu wazima mbele ya macho yangu.

Wakati wa Ebola Berthe alikuwa kwenye kituo cha Mabalako. Hasimulii mengi ya huko, ila moja analirudia. Alimwona mkulima mmoja akiambiwa habari za mke wake na mtu aliyefunikwa plastiki kutoka kichwani mpaka miguuni, akisemea upande wa pili wa uzio. Yule mkulima aligeuka kushoto na kulia akitafuta wa kumshika mkono. Hakukuwa na mtu, ndugu zake walikuwa wamezuiliwa barabarani. Akakaa chini kwenye matope, akawa anavuta vuta kamba ya kiatu chake. Berthe husema kwamba kilichowafanya watu wachukie madaktari mwaka ule, mpaka kuchoma vituo, kilikuwa ndani ya tendo lile. Katika nchi yao mtu haambiwi msiba akiwa peke yake. Wanatafuta shangazi, jirani, katekista, yeyote, anakaa karibu naye kwanza, ndipo neno linatoka.

Kwa hiyo chuo chetu kilipomkubalia kufungua masomo ya shahada ya pili ya ushauri huo, sheria ya kwanza aliyoiandika ubaoni, kabla ya somo lolote la chembe za urithi, ilikuwa hii: hakuna mtu atakayeambiwa habari ya damu yake peke yake. Kila anayekuja kuchukua majibu aje na mtu aliyemchagua mwenyewe. Wataalamu waliotembelea kutoka nje walishangaa, wakauliza habari ya siri ya mgonjwa. Berthe akawajibu kwamba siri ni ya mgonjwa, na mgonjwa anajua wa kumgawia. Nilimpenda siku ile. Hata sasa nampenda, ingawa sheria ile ndiyo iliyofungua mlango.

Darasa lilikuwa juu ya ghala la zamani la kahawa, na harufu ya kahawa haikuisha ukutani. Wanafunzi walikuwa wachache, wauguzi na madaktari vijana, wengine wakitoka Beni kwa barabara ya waasi, ambayo hakuna mama anayelala mtoto wake akiwa njiani. Berthe aliwafundisha kwa kuigiza. Yeye alikuwa mama mkwe, alikuwa mume aliyekataa kupima, alikuwa msichana mwenye mimba asiyetaka kusikia, na aliigiza vizuri mpaka wanafunzi walimwogopa. Neno lililomchemsha ni “munapaswa”. Mwanafunzi akimwambia mtu “munapaswa kuachana” au “munapaswa kupima”, Berthe alisimama, akamtoa nje, akamwambia apige hodi na kuanza upya. Aliyetolewa mara nyingi mwanzoni na aliyekuja kuwapita wote mwishoni aliitwa Élise, muuguzi wa Beni, mwenye macho makavu na akili kali. Berthe alimwita mwanangu.

Mashine ya kupima ilinunuliwa na Jean-de-Dieu Maliro. Huyu ni mfanyabiashara wa vipuri vya pikipiki, mwenyekiti wa kamati ya wafanyabiashara waliosimamia masomo hayo, mtu mzito, Mkatoliki wa kiti cha mbele. Nisije nikaeleweka vibaya, Maliro si mtu mwovu. Binti yake Eliane alizaa watoto wawili wa SS, na wote wawili Maliro aliwabeba mwenyewe kwenda makaburini. Alipokabidhi mashine alishindwa kumaliza hotuba. Alisema tu, “Nataka mu Butembo hapana tena mutoto kufa vile,” akakaa, akafuta uso kwa kitambaa. Sisi sote tulilia, mimi na ubishi wangu wote.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yanavyoharibika bila mtu kufanya ubaya mkubwa.

Kwa Wanande, wenyeji wa hapa, mbuzi wa mahari hawaendi kimya kimya. Wazee wa upande wa mume wanatuma wasemaji, wanaulizia ukoo wa msichana, tabia, kazi, kama mama yake ana mdomo. Mashine ilipozoeleka, wazee waliongeza neno moja: kabla mbuzi hawajatoka zizini, damu ya msichana ijulikane. Ya msichana, siyo ya kijana. Kijana ni mzima, si mnamwona? Na wangeijuaje damu ya msichana, wakati majibu ni siri yake? Wakakumbuka kwamba Docteur Berthe mwenyewe anataka kila mtu aje na msindikizaji. Wakaanza kumpa msichana msindikizaji.

Mwanzoni Berthe alifurahi. Aliona wasichana wanakuja na wazee wenye kofia, akasema familia zimeanza kuamini, chuki ya wakati wa Ebola imefutika. Nilimwambia, “Berthe, hawa wasichana wanaletwa.” Akanijibu, “Wanasindikizwa, Mélanie. Ninyi watu wa Kasai mna shaka na kila kitu.” Nikarudi kwenye karatasi zangu, kwa sababu ni kweli tuna shaka na kila kitu.

Halafu akaja Adèle.

Ninayoyasema juu ya Adèle ameniruhusu yeye mwenyewe niyaandike. Alisema hakuna tena kilichobaki cha kuficha. Ni mwalimu wa shule ya msingi kutoka Mutwanga, chini ya Rwenzori, binti wa wakulima wa kakao. Alikutana na Placide, mtoto wa Maliro, kwenye semina ya vijana wa parokia huko Beni, wakapendana kama watu wanavyopendana. Kwa familia yake ilikuwa bahati isiyo na mfano, na kwake ilikuwa Placide tu. Wazee walipotaka damu, alikuja akatoa damu. Siku ya majibu aliingia akifuatana na mzee mmoja, mdogo wake Maliro, ambaye ndiye alikuwa msemaji wa mahari.

Élise ndiye aliyeshika kikao, maana alikuwa mwaka wa mwisho. Berthe alikaa pembeni kama msimamizi. Anasema alimtazama yule binti namna alivyoweka mikono yake chini ya mapaja, akajua. Akamwuliza, “Adèle, huyu papa ulimuchagua we mwenyewe?”

Adèle akasema, “Ndiyo, Docteur. Nilimuchagua mi mwenyewe.”

Mzee akatabasamu kwa heshima. Berthe alikuwa na nafasi ya kusimama na kusema kikao kimekwisha, mzee atoke nje. Hakusimama. Sheria ilisema aliyechaguliwa anaingia, na mwenye haki ya kuchagua alikuwa amejibu. Élise akamtazama mwalimu wake, hakuona ishara, akaendelea.

Alimwambia Adèle kwamba ni AS. Alisema vizuri, polepole, kama alivyofundishwa. Akaanza kueleza kwamba AS si mgonjwa, kwamba swali lote liko kwa upande wa kijana, na kwamba Placide akipima na kukutwa AA hakuna mtoto wao atakayekuwa hatarini. Mzee alikuwa ameshachukua kofia yake.

“Shiye tulikuya kusikia neno moja tu,” alisema. “Tumelisikia. Ile ingine ni maneno ya masomo.”

“Papa, ukae kidogo,” Élise akasema. “Placide na yeye apime.”

“Placide apime nini? Kwetu ile magonjwa haiko.”

Akatoka. Adèle alibaki na Élise na Berthe, msindikizaji wake amekwenda zake. Kwa hiyo sheria ilivunjika hapo hapo mbele ya aliyeiandika, binti akaachwa na habari yake, peke yake. Berthe alisogeza kiti na kumshika mkono, lakini Adèle aliutoa mkono ule kwa adabu, akauliza kama kuna pikipiki za kwenda Beni saa ile.

Mbuzi hawakwenda. Na katika nchi hii mbuzi wasipokwenda, watu huuliza kwa nini, na mzee mwenye kofia hakuwa na sababu ya kunyamaza. Kimemi walijua, Beni wakajua, na kabla ya Jumapili mbili kupita Mutwanga walijua kwamba binti wa fulani amekataliwa Butembo kwa sababu ana damu mbaya. AS ilipofika kijijini ilikuwa SS, na baada ya muda ilikuwa kitu kinachoambukiza.

Berthe alikosa usingizi, akakonda usoni, akawa anafundisha huku akisahau sentensi. Kilichomtafuna kilikuwa wazi: angeweza kulirudisha jina la Adèle kwa neno moja tu, nalo ni neno la somo la kwanza. Watoto wa Eliane walikuwa SS. Mtoto wa SS amepokea pande zote mbili. Kwa hiyo Eliane naye anabeba, na Eliane amebebeshwa na Maliro au na mke wa Maliro. Ule ugonjwa ambao “kwetu haiko” ulikuwa umekaa sebuleni kwa Maliro tangu zamani, na Placide ana uwezekano mkubwa wa kuwa nao. Mwenye akili yeyote aliyesikiliza nusu saa ya darasa angeliona hilo. Maliro mwenyewe alikuwa amehudhuria masomo ya ufunguzi, akakaa mbele, akapiga makofi. Lakini hakuliona, kwa sababu katika hesabu ya ukoo wao watoto wa binti si wa kwake. Ni wa ukoo wa mumewe, na damu yao ni ya huko. Kama walikufa, kifo kilitoka huko. Na kwa kweli mume wa Eliane alikuwa ameshafukuzwa kwa sababu hiyo.

“Ukimwambia,” nilimwonya, “unaweza kupoteza masomo yote.”

“Nisipomwambia, ninafundisha nini?” akasema.

Tulikwenda pamoja dukani kwake, mchana, kati ya minyororo na matairi yaliyoning'inia. Maliro alitupokea vizuri, akatuma soda, akafunga mlango wa ofisi ya nyuma. Berthe alianza kwa mbali. Alimwomba aje yeye na mama wa nyumbani na Placide, wapime, kwa siri.

Maliro alijibu, “Mama Docteur, mi njo nilinunua ile mashine. Sasa mi njo niingie ndani yake?”

“Papa, kwa ajili ya Adèle. Yule mutoto banamuharibia jina bure.”

“Namuhurumia. Kweli namuhurumia. Lakini nilizika batoto babili kwa hii mikono. Unataka nizike wa tatu juu ya kumuhurumia mutoto ya batu?”

Hapo Berthe akasema. Hakumtaja Eliane, ambaye alishawahi kuja kwake kwa siri, wala alichomwambia. Alisema tu, kwa sauti yake ya chini, “Papa Maliro, ile batoto babili, magonjwa yao ilitoka pande mbili. Hapana upande moja. Pande mbili.”

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka haraka namna ile. Alielewa. Nina hakika alielewa, na nataka hilo lijulikane, maana baadaye watu walisema mzee hakuelewa Kifaransa cha madaktari. Alishika ukingo wa meza. Nadhani aliona makaburi mawili, na akaona mikono yake mwenyewe, na kwa dakika ile alikuwa tayari kulia au kuua. Halafu akafunga mlango ndani yake, ndivyo ninavyoweza kusema, akainuka.

“Ile batoto ilikuwa ya kwa baba yao,” alisema. “Aksanti kwa kutembelea. Soda hamukukunywa.”

Hakumfukuza. Watu wa hapa wana njia zao, na ni za heshima sana. Kamati ilikutana, ikamshukuru Docteur Berthe kwa juhudi zake, ikamwita mama mwanzilishi, ikampa kitenge na picha ya fremu. Ikasema amechoka, apumzike, abaki na saa chache za kufundisha. Uongozi wa masomo alipewa Élise, aliyekuwa amehitimu karibuni. Sheria ya kwanza ikabaki ubaoni, ikaongezwa maneno machache tu: msindikizaji atakubaliwa na familia zote mbili. Kwa maneno hayo machache, kila mzee mwenye kofia akapata kiti chake ndani ya chumba.

Berthe alimwendea Élise. Alidhani mwanawe atakataa.

“Mama,” Élise akamwambia, na hakuinamisha macho, “mashine ikirudi kwa Papa Maliro, tutafundisha na nini? Tutachora arbre, muti ya familia, mu vumbi? Na tena siku ile nilikuangalia. Nilingoja uniambie nisimame. Haukuniambia.”

Berthe alinisimulia hayo akiwa amesimama mlangoni kwangu, hakutaka kukaa. Niliudhika na Élise, nikamtukana kwa Kiluba ambacho Berthe hajui. Lakini binti alisema kweli.

Masomo yamestawi. Lazima niseme na hili, ingawa linaniuma. Wanafunzi wameongezeka, wanatoka mpaka Lubero na ng'ambo ya Bunia, wageni wanapiga picha mbele ya ghala la kahawa. Placide alioa msichana wa Lubero aliyepimwa akakutwa AA, akazaa mtoto wa kiume mnene, mzima kabisa. Placide hajapima mpaka leo, na kwa msichana huyo hana haja. Kwenye sherehe ya mtoto Maliro alisimama, safari hii akamaliza hotuba yake, akamnyanyua mjukuu juu, akasema huyu ni tunda la masomo yetu. Watu walipiga vigelegele. Nilikuwepo, nilikula nyama yao. Eliane alikuwa akigawa vinywaji, na alipomfikia baba yake hawakutazamana.

Mwaka huu, masika yakielekea kwisha, Adèle alimpigia Berthe simu. Hakulalamika. Alisema wazazi wanaanza kuwatoa watoto darasani kwake, mkurugenzi anamtetea lakini anachoka, na kama Docteur anakumbuka, basi aje aseme mbele ya watu kwamba yeye si mgonjwa. Hilo tu. Adèle hakuwa tena na haja ya mchumba, alitaka abaki na darasa lake.

Berthe alisema atakwenda. Nikasema barabara ni mbaya. Akasema, “Nimesema nitakwenda.” Nikafunga kanga yangu kiunoni nikaenda naye, kwa sababu naye asiende peke yake. Tulishika gari mpaka Beni, tukalala kwa masista, halafu tukapanda pickup ya wanunuzi wa kakao, tukikaa juu ya magunia matupu. Kila kizuizi wanajeshi waliuliza tunakwenda kufanya nini, na Berthe akajibu kwamba yeye ni daktari, anakwenda Mutwanga kwa kazi. Abiria wenzetu walisikia. Waliteremka kabla yetu, kila mmoja kwenye njia yake.

Jumapili, baada ya misa, katekista alimpa nafasi. Kanisa lilijaa kuliko kawaida. Nimemsikia Berthe akifundisha mara nyingi, lakini vile sijawahi kumsikia. Alisema kwa Kinande, na katekista alinitafsiria sikioni. Alitumia maharagwe ya rangi mbili kuonyesha jinsi mtoto anavyopokea kwa baba na kwa mama. Alisema Adèle mwenyewe amemwomba aseme, na kwamba Adèle ni mzima, haambukizi, anaweza kuolewa, anaweza kuzaa, anaweza kufundisha mpaka azeeke. Alisema pia kwamba pengine katika kila benchi la kanisa lile kuna mtu mmoja au wawili wanaofanana na Adèle, na hawajui. Niliona vichwa vikiitikia. Nikajiambia, Mungu wa Kasai na wa huku ni mmoja, labda amesikia.

Kisha akaomba maswali. Mzee mmoja akasimama, amevua kofia, mwenye heshima zote.

“Docteur, tunakushukuru. Ulitoka Butembo?”

“Ndiyo, tata.”

“Na ile njia, na bale banaua batu mu pori. Ulikuya juu ya huyu mutoto moja tu?”

“Ndiyo,” Berthe akasema. “Juu yake.”

Mzee alitikisa kichwa polepole, akakaa. Na hakuna mwingine aliyeuliza. Watu walitazamana, na mimi mgeni nikaona kitu kikipita benchi kwa benchi, bila neno. Mara ya mwisho, wakati wa Ebola, madaktari walipofunga safari kutoka mjini kuja kusimama hapa na kuwatuliza watu juu ya mtu mmoja, waliwaambia pia kwamba hakuna haja ya kuogopa, na baada ya hapo walizika kwa wiki nyingi. Daktari mkubwa hapandi juu ya magunia, hapiti kwenye risasi, kwa ajili ya mtu asiyeumwa. Mama mmoja aliyeketi karibu na Adèle alimvuta mtoto wake, akampakata, kisha akahama benchi. Alifanya kwa upole, kama mtu anayempisha mwingine.

Berthe aliona. Alibaki amesimama mbele ya altare na maharagwe yake mkononi. Akaanza kusema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kwamba Adèle ni mzima, ni mzima kabisa, na kila alivyokazia neno ndivyo watu walivyozidi kuelekea mlangoni, wakimshukuru wakipita.

Nje, Adèle alitukuta chini ya ukuta wa sakristia. Alikuwa amevaa vizuri, nguo ya kushonesha, viatu vya mwalimu. Berthe alianza kusema kwamba atabaki siku chache, atapita nyumba kwa nyumba, ataongea na wazazi wa wanafunzi, atamwona chifu, atarudi hata kila mwezi. Alikuwa akilia. Adèle alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akautazama uwanja, ambako watu walikuwa wamesimama mafungu mafungu, wametugeukia.

“Docteur, nakuomba uende,” alisema. “Uende leo. Kama unaendelea kukaa hapa, banaongeza maneno ingine juu yangu.”